Gunia, kilemba na sentensi ya "ndo tulivyo": jinsi ya kuendesha kikundi cha saikolojia ya ukombozi kijijini

Ukisema saikolojia hapa Dodoma watu wanafikiria Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Yaani ukimwambia mtu mi najishughulisha na saikolojia anakuangalia kwanza alafu anauliza, kwani nani kachanganyikiwa? Na sio utani tu, hilo swali limebeba jambo lote nnalotaka kuongelea hapa, kwamba tumezoea kuamini shida ya mtu iko ndani ya kichwa chake mwenyewe, mpe dawa au mpe semina basi yameisha. Shida za hivo zipo kweli na nitazigusa huko chini. Ila kuna nyingine haziko kichwani, ziko kwenye gunia.

Ngoja nieleze hilo gunia maana ndo nimejifunzia. Nilikuwa na kikundi wilaya ya Kongwa, kijiji sikitaji, sio mbali sana na Kibaigwa kwenye lile soko kubwa la mahindi. Kina mama wengi, wazee wachache, vijana wawili wa bodaboda ambao nadhani walikuja kwa sababu ya kivuli. Kila ukiuliza kwanini mnavuna kila mwaka alafu ikifika Januari ndani hamna kitu, jibu ni lilelile: sisi hatujui biashara, sisi Wagogo ndo tulivyo, Mungu kapanga. Wanasema huku wanacheka. Sasa mahindi yao yalikuwa yanabebwa kwa lumbesa, gunia limejaa alafu likaongezewa kilemba juu mpaka linasimama kama mtu kavaa kofia, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, mwisho kilo 100, na karibu kila mtu pale alishaisikia redioni. Lakini hakuna aliyekuwa anaiweka ile sentensi ya "hatujui biashara" na lile gunia lenye kilemba sehemu moja akaviangalia kwa pamoja. Kazi ya saikolojia ya ukombozi ndo hiyo, kuviweka sehemu moja. Hayo mengine yote nitakayosema ni namna ya kufika hapo bila kuharibu.

Imetoka wapi hii kitu

Kwa kifupi maana najua wengi mnataka kufika kwenye "nifanyeje". Aliyeipa jina na sura anaitwa Ignacio Martín-Baró, padri Mjesuiti aliyezaliwa Hispania mwaka 1942 akaishi na kufundisha El Salvador kwenye chuo kikuu cha Wajesuiti, na saikolojia aliisomea mpaka udaktari kule Chicago. El Salvador ilikuwa kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1980 mpaka 1992, na yeye akawa anajiuliza, hivi vitabu vyote hivi nilivyosoma vinamsaidia nini mkulima ambaye mwanae kachukuliwa usiku na wanajeshi? Unamwambia ana msongo wa mawazo? Wikiendi alikuwa anatoka chuoni anaenda Jayaque, parokia ya wakulima wa kahawa, kukaa nao. Aliandika kwamba watu wa Amerika ya Kusini na ya Kati wamesemwa wavivu na wanaokubali kila kitu mpaka wenyewe wameamini, wakati hiyo hali ya kukubali kila kitu wameifundishwa na maisha, mtu aliyejaribu mara 10 akapigwa mara 10 ana akili timamu kabisa akiacha kujaribu. Hapo niliposoma nilisimama maana nilimuona bibi yangu.

Tarehe 16 Novemba 1989 wanajeshi wa serikali waliingia chuoni wakamuua yeye na mapadri wenzake watano, pamoja na mama aliyekuwa anawapikia na binti yake. Kwahiyo mjue hii sio saikolojia ya kupaka rangi kwenye semina.

Nyuma yake yupo Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Martinique aliyefanya kazi Algeria wakati wa ukoloni, na Paulo Freire wa Brazil aliyekuwa anafundisha watu wazima kusoma kwa kuanzia na maneno ya maisha yao. Freire alifika mpaka Dar mwaka 1971. Na sisi hapa hatukuwa wageni wa mambo haya, mwaka 1970 ulitangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya ambayo watu kama milioni mbili walikaa kwenye vikundi kusikiliza redio alafu wanajadili. Wazee wengi huku bado wanaikumbuka, ukitaka kuanza maongezi na mzee anza na hiyo. Ila mi naona kuna tofauti moja kubwa, pale jibu lilikuwa limeshajulikana kabla, chimba choo. Choo ni muhimu sikatai, lakini kikundi ambacho jibu limeshaandikwa Dar kinafanya mazoezi ya kuitikia tu.

Kabla hujaita mtu yeyote

Usiite kikao. Nasema hivi kwa uchungu kwasababu mi niliita. Nilienda na mabango kitita, maki peni rangi nne, nimeandika juu SAIKOLOJIA YA UKOMBOZI kwa herufi kubwa, nikaongea dakika 40 kuhusu ukandamizaji, alafu nikauliza kuna swali? Bibi mmoja akanyoosha mkono akaniambia, mjukuu wangu, umemaliza? Nikasema ndio bibi. Akasema basi asante, mbuzi wangu wako kwenye shamba la mtu. Akaondoka, na nusu ya kikao wakaondoka nae.

Nilivyomsimulia mzee mmoja pale akacheka mpaka akakohoa, akaniambia wewe sio wa kwanza kuja Kongwa na jibu mfukoni. Alikuwa anaongelea karanga. Kwa wasiojua, mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa na mpango mkubwa wa kulima karanga kwa matrekta ili wapate mafuta ya kula kwao baada ya vita. Ardhi ile ikikauka inakuwa ngumu kama sakafu, mvua ni ya kubahatisha, kitu ambacho mtoto wa Kigogo anayechunga mbuzi angewaambia bure. Hawakuuliza. Januari 1951 mpango ukafutwa na zaidi ya pauni milioni 30 zikawa zimepotea. Kwahiyo pale ukisema "nimekuja na mradi" wanakuangalia kwa jicho flani hivi, na wana haki.

Kwahiyo cha kwanza ni kwenda na kukaa. Martín-Baró na wenzake walikuwa na neno la Kihispania ambalo mi natafsiri kama kusindikiza, ile ya kumsindikiza mgeni mpaka njiani, hujamtangulia na hujabaki nyuma, mnatembea mnaongea. Nenda kisimani, nenda mnadani, shika jembe kama ni msimu. Jifunze kusalimia, Mbukwenyi ukikuta kundi, na wazee shikamoo haina mjadala. Mi nilikaa wiki tatu kabla ya kuita kikao cha pili, nilimenya karanga mpaka vidole vikawa na malengelenge, na kwenye kumenya karanga ndo nilisikia mambo ambayo mabango kitita yasingeyasikia miaka 10.

Wakati huohuo nenda ofisini, mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wajue upo na unafanya nini. Sio kuomba ruhusa ya watu kuongea, ni kwamba usipowaambia wewe wataambiwa na mtu mwingine kwa namna nyingine, na wewe utapanda basi lako jioni urudi mjini wakati kina mama wanabaki pale.

Kuita watu, mda, na lile suala la posho

Hapa napita haraka. Watu 12 mpaka 20 wanatosha, zaidi ya hapo unakuwa mkutano wa hadhara na wanaoongea ni walewale. Kaeni duara, chini ya mti, na wewe kaa unapokaa kila mtu, usikubali kile kiti cha plastiki watakachokuletea. Nakwambia kile kiti kitaletwa na utakikataa mara tatu.

Msimu. Huku kati mvua ni moja, Desemba mpaka Aprili hivi, ukiita kikao Januari saa nne asubuhi wakati watu wako kwenye palizi basi we mwenyewe ni sehemu ya tatizo. Kuanzia mwezi wa sita mavuno yakishatulia ni mda mzuri, jioni.

Posho. Wataulizia. Wameshazoeshwa na miradi kwamba kukaa kwenye kikao ni kazi ya mtu mwingine ndo maana inalipwa, na mi siwalaumu hata kidogo. Nilichofanya ni kusema ukweli siku ya kwanza kwamba hamna posho, mi mwenyewe silipwi, nina nauli tu. Wakapungua kutoka 30 na kitu mpaka 17. Hao 17 ndo wakawa kikundi. Chai tulikuwa tunachanga, mmoja sukari, mwingine majani, mi naleta mkate wa mjini.

Kamata sentensi

Hii ndo sehemu yenyewe sasa, mkiruka kila kitu msiruke hapa.

Kila jamii ina sentensi zake za kujisema vibaya, zinatoka mdomoni bila mtu kufikiri, kama mtu anavyopiga chafya. Sisi wanawake ndo wenyewe tusiopendana. Vijana wa siku hizi. Mtu mweusi bwana. Na kwetu hii ya Mgogo ni ombaomba, ambayo ukienda Dar ukisema unatoka Dodoma unaipata kabla hujamaliza kujitambulisha, na kibaya zaidi tunaisema wenyewe kwa wenyewe kama utani. Kazi yako ni kukaa na daftari na kuikamata sentensi ikipita. Usibishane nayo! Hili ni kosa la wasomi wote, mama anasema sisi hatujui biashara na wewe unaruka, hapana mama mnajua sana. Umemnyamazisha. Ameona tu kwamba wewe mtu wa mjini hutaki kusikia.

Andika alivyosema, neno kwa neno. Kikao kinachofuata mrudishie, "wiki iliyopita tulisema hatujui biashara, naomba tuiangalie hii." Tulisema, sio mlisema. Alafu maswali, mi natumia haya:

Hii kauli mara ya kwanza uliisikia kwa nani, na ulikuwa na umri gani?
Kuna siku imekuwa sio kweli? Tuambie hiyo siku.
Tukiendelea kuiamini, nani anafaidika?
Ingekuwa sio kweli, tungekuwa tunafanya nini kesho asubuhi?

Usiulize yote siku moja. Sisi swali la pili peke yake lilikula jioni mbili maana kila mtu alikuwa na siku yake. Kuna mama alisimulia alivyonunua mbuzi mmoja kwa hela ya karanga za kukaanga, akafika mbuzi sita, akasomesha mtoto mpaka kidato cha nne, alafu akamaliza kwa kusema "lakini ndo hivo, biashara siijui". Kikao kizima kikapasuka kwa kicheko. Yeye mwenyewe ndo akawa wa mwisho kucheka, alivyojisikia alichosema. Ile sekunde, mtu anaposikia sentensi yake kwa sikio la nje, siwezi kukueleza vizuri, inabidi uwepo. Freire alikuwa na neno refu la Kireno kwa hiyo hali, mi naita kuzinduka.

Swali la tatu ndo lenye moto. Nani anafaidika. Usilijibu wewe hata kama unalijua jibu, na hata kama kimya kimefika dakika nzima. Kimya kwa Kigogo sio ujinga, watu wanapima. Pale kwetu aliyevunja kimya ni mmoja wa wale vijana wa bodaboda, akasema taratibu kama anajiongelesha, "anayeshona kilemba". Hakuna aliyemfundisha. Yeye ndo anabeba yale magunia, alikuwa anajua uzito wake kwa mgongo.

Mstari wa mda

Baada ya hapo mtu mmoja atasema lakini mbona njaa ni ya kwetu toka zamani, huku ni kame. Na ni kweli kukame. Hapo ndo unahitaji historia, na Martín-Baró aliiweka juu kabisa kwenye orodha ya kazi za saikolojia hii, kurudisha kumbukumbu ya watu, kwasababu mtu asiyejua jambo lilianza lini anaamini limekuwepo toka uumbaji.

Chora mstari mrefu chini kwa kijiti. Mwisho huu ni leo, mwisho ule ni zamani anayoikumbuka mzee kuliko wote. Jiwe likiwekwa ni jambo baya, jani au gunzi ni jambo zuri, na kila mtu anaweka mwenyewe akieleza. Usianze na tarehe, wazee hawahesabu hivo, wanahesabu kwa majina ya njaa na majina ya viongozi. Kwetu jiwe la mbali kabisa liliwekwa kwa Mtunya.

Kama hujui Mtunya ni ile njaa kubwa ya Ugogo kati ya 1917 na 1920 hivi. Inakadiriwa watu kama 30,000 walikufa kati ya watu 150,000. Ukame ulikuwepo ndio, lakini majeshi ya Wajerumani na baadae ya Waingereza yalikuwa yamepita yakachukua ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo ya vita ambayo haikuwa yao. Yaani watu walikuwa na njia zao za kuvuka ukame, ng'ombe ndo ilikuwa benki, unauza ng'ombe unapata nafaka kwa jirani mwenye mvua. Benki ikabebwa. Alafu vizazi vitatu baadae mjukuu wa wale waliobebewa benki anaambiwa kabila lake ni la kuomba.

Mzee aliyeiweka hiyo jiwe alihadithiwa na mama yake. Alivyomaliza hakuna aliyeongea. Baadae wakaja wengine, jiwe la karanga za Waingereza, jiwe la kuhamishwa wakati wa operesheni ya vijiji mwanzoni mwa miaka ya 70 (hapo walibishana, wengine waliweka jani kwasababu ya shule na zahanati, nikaacha vyote viwili, jiwe na jani sehemu moja). Na mama mmoja akaweka gunzi kwa kambi ya wapigania uhuru, maana Kongwa ndo walikaa wale wa Msumbiji, wa Afrika Kusini, wa Namibia, akasema bibi yake alikuwa akiwauzia maziwa. Akasema, kumbe watu walikuja huku kwetu kutafuta uhuru. Mi nilikuwa naijua hiyo historia kwenye vitabu miaka yote na sijawahi kuiona hivo.

Onyo dogo, mstari wa mda unaweza kugeuka kuwa kilio tu, tulionewa tulionewa, watu wanaenda nyumbani wamechoka kuliko walivyokuja. Ndo maana majani na magunzi ni lazima. Kila jiwe uliza: na watu walivukaje? Hapo ndo yanatoka mambo ya kualikana kulima kwa pombe ya mtama, kukopeshana mbuzi wa maziwa, majani ya porini bibi anayoyajua. Hizo ni nguvu zenu halisi na ndo mtakazotumia.

Tafuteni kioo

Martín-Baró alianzisha taasisi ya kura za maoni pale chuoni mwaka 1986. Serikali ilikuwa inatangaza kwamba wananchi wanataka vita iendelee, yeye akaenda kuuliza wananchi wenyewe na ikaonekana wengi wanataka mazungumzo. Alikuwa anaona hizo kura kama kioo, watu wajione wenyewe walivyo badala ya kuambiwa walivyo.

Nyie hamhitaji taasisi, mnahitaji daftari la kaunta na mtu mwenye mwandiko mzuri. Sisi tuliazima mizani kwa mtu wa duka la pembejeo, tukapima magunia ya lumbesa kabla hayajaondoka, wiki mbili, kila mwanakikundi na gunia lake. Sitawapa namba zao maana ni zao, ila kila gunia lilikuwa limezidi kilo 100 na mengine yamezidi kwa debe zima na kitu. Alafu mama mmoja ambaye hajui kusoma ndo akapiga hesabu kichwani, akasema kwenye magunia yangu nane nimetoa gunia zima la bure. Zima. Akarudia mara mbili. Na kina mama wengine walikuwa wameshauza mahindi yakiwa mabichi shambani mwezi wa pili kwa bei ya kutupa kwa sababu ya njaa, hayo hatukuyapima, ila tuliyaandika.

Sasa linganisha, mwanzo tulikuwa na sentensi inayosema sisi ndo tulivyo, sasa tuna ukurasa unaosema gunia ndo lilivyo. Ni vitu viwili tofauti kabisa kwenye moyo wa mtu.

Kitendo, kiwe kidogo

Watu wakishaona hivi wanataka kwenda kwa mkuu wa mkoa kesho. Wapunguze kasi bila kuwavunja moyo. Kumbuka hali ya kukata tamaa ilifundishwa kwa kushindwa, kwahiyo itaondoka kwa kushinda, na kushinda kwa kwanza kunatakiwa kuwe kwa uhakika. Kikundi kikianza na vita kubwa kikapigwa umewathibitishia ile sentensi na utaondoka ukiwa umeharibu kuliko ulivyokuta.

Kikundi chetu kiliamua mambo mawili. Kununua mizani yao kwa kuchanga kupitia kikoba walichokuwa nacho tayari, na kupeleka ile kurasa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Ule mkutano ni haki ya kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea na unatakiwa ufanyike kila miezi mitatu, watu wengi hawajui au wanajua hawaendi. Kabla ya mkutano tulifanya mazoezi, mmoja anaigiza mfanyabiashara, mmoja mwenyekiti, mmoja mke anayesema mbele ya mume wake kwa mara ya kwanza. Hiyo ya mwisho ilikuwa ngumu kuliko zote. Alafu kina mama wakasema maneno peke yake hayatoshi, wakatunga wimbo wa kilemba wakaupiga na ngoma za muheme, na nakuhakikishia hotuba yangu hakuna anayeikumbuka ila ule wimbo watoto bado wanauimba wakienda shule.

Matokeo? Yalikuwa hivi na hivi. Kijiji kilikubali kwenye muhtasari kwamba hakuna lumbesa ndani ya mipaka yake. Wanunuzi wakagoma kuja kama wiki mbili hivi, watu wakaanza kununa, mzee mmoja wa kikundi akakutwa usiku anauza kwa kilemba kilekile. Tulikaa nae. Alikuwa anahitaji hela ya hospitali ya mjukuu, na kikoba kilikuwa hakimkopeshi kwa sababu hakuwa mwanachama. Wangeweza kumfukuza, wakaamua kubadilisha kanuni za kikoba. Mi ningemfukuza, nasema ukweli.

Kama jambo lenu ni la ardhi au mirathi usiende na nyimbo peke yake, tafuteni wasaidizi wa kisheria, kuna sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 na wapo wanaosaidia bila malipo mpaka ngazi za chini. Ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya.

Mtu akilia

Atalia. Usimkatize, usimpe pole za haraka haraka, na usimgeuze kuwa somo kwa wengine. Mwache, mtu wa karibu yake amshike. Baadae mkiwa wawili uliza anataka nini.

Na hapa narudi Mirembe. Kuna watu wanasoma mambo haya alafu wanaanza kusema ugonjwa wa akili haupo, yote ni mfumo. Hapana jamani. Kama mtu halali siku kadhaa mfululizo, anasikia sauti, anaongelea kujidhuru, huyo apelekwe zahanati au hospitali na wewe umsindikize, na kikundi kiende kumuona akilazwa ili akirudi asirudi kwenye kunong'onwa. Hiyo nayo ni ukombozi. Kukiwa na kipigo nyumbani au mtoto anafanyiwa ukatili kuna dawati la jinsia na watoto polisi, na namba ya simu kwa watoto ni 116, ni bure. Usijifanye we ndo dawati.

Pia yanayosemwa kwenye duara yabaki kwenye duara. Usipige picha za watu wanalia ukapostie. Nimeona watu wanafanya, natamani kuwavuta masikio.

Na wewe je

Una sentensi zako pia. Yangu ilikuwa "hawa watu hawajaamka". Niligundua nimeiandika kwenye daftari langu mwenyewe ukurasa wa kwanza, kwa kalamu nyekundu, nimeipigia na mstari. Nilivyoikuta miezi sita baadae nilijiuliza yale maswali manne nikiwa peke yangu chumbani Nkuhungu, swali la nani anafaidika lilinitoa jasho.

Kwahiyo panga kuondoka toka siku ya kwanza. Daftari lishikwe na wao, mizani ikae kwa wao, funguo isiwe kwako. Wiki ya nne hivi acha kufungua kikao, wiki ya nane anza kuruka kikao kimoja kati ya viwili. Watakupigia simu, pokea ila usikimbilie.

Mara ya mwisho nimeenda mwezi wa saba bila kuwaambia, nikakuta kikao kinaendelea chini ya mti uleule, wanabishana kuhusu bei ya alizeti. Nikanyoosha mkono nichangie. Katibu, yule kijana wa bodaboda, hakuinua hata uso kwenye daftari, akasema mgeni asubiri, atapewa nafasi kwenye mengineyo.